Punjab ilidai lugha, mji na maji kabla ya kudai nchi

Kwa Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Masingasinga wa Punjab, kaskazini magharibi mwa India, yamekosea mahali pawili. Yanasema jamii hiyo imekuwa ikidai nchi yake tangu Waingereza walipoondoka India mwaka 1947. Yanasema tena kwamba mwaka 1966 ilipewa jimbo ililoliomba, na bado haikuridhika. Kosa la kwanza ni la tarehe. La pili ni zito zaidi, kwa sababu namna jimbo hilo la 1966 lilivyokatwa ndiyo chanzo cha mengi yaliyofuata, na msomaji wa Nairobi anayefuatilia ugatuzi wetu angefaidika kujua kisu kilipita wapi.

Siasa za Punjab zinaanzia gurudwara, yaani nyumba ya ibada ya Masingasinga, kabla ya bunge. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 nyumba nyingi za ibada zilikuwa mikononi mwa wasimamizi walioitwa mahanti, waliorithishana vyeo na kuyatumia mashamba ya gurudwara kama mali ya nyumbani, huku serikali ya kikoloni ikiwakingia kifua. Novemba 1920 waumini waliunda kamati yao ya kusimamia magurudwara, Shiromani Gurdwara Parbandhak Committee, na Desemba mwaka huo huo kikazaliwa chama cha Shiromani Akali Dal ili kuisaidia kuyakomboa.

Silaha yao ilikuwa morcha, na makala yenu yameitafsiri kuwa maandamano. Ni zaidi ya hapo. Kikundi kinachoitwa jatha hukusanyika Akal Takht, kiti cha mamlaka ya Masingasinga katika eneo la Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar, huomba dua, hula kiapo cha kutorudisha pigo, kisha hutoka kwa miguu kwenda mahali palipopigwa marufuku na kukamatwa. Kesho yake hutoka jatha jingine. Jiko la gurudwara, yaani langari, huwalisha wanaosubiri zamu yao. Serikali hushindwa pale magereza yanapojaa kabla ya jiko kuishiwa unga. Mwaka 1922 huko Guru ka Bagh ugomvi ulianza kwa kuni tu: waumini walikamatwa kwa kukata mti katika shamba la gurudwara ili wapikie langari. Kwa wiki kadhaa jatha baada ya jatha walienda kupigwa virungu bila kuinua mkono, na zaidi ya 5,000 wakafungwa. Miaka 3 baadaye ikaja Sheria ya Magurudwara ya 1925, iliyoikabidhi kamati kwa watu waliochaguliwa kwa kura, za wanawake zikiwemo.

Sheria hiyo ndiyo iliyokipa Akali Dal uhai mrefu. Kikishindwa uchaguzi wa bunge la jimbo, bado kina kamati, kina mapato na kina jiko. Lakini udhaifu wake nao uko papo hapo. Kila dai la kisiasa, hata dai la maji ya mfereji, lilipitia mlango wa nyumba ya ibada, na mpinzani akapata njia rahisi ya kuliita dai la dini.

Sasa 1947. Master Tara Singh, kiongozi wa Akali, na wenzake walikuwa wamependekeza mwaka 1943 kwamba mipaka ya Punjab ichorwe upya ili pasiwe na jamii moja yenye kuzitawala nyingine. Lilikuwa jibu kwa dai la Pakistan, na halikupata msikilizaji. Mstari wa Radcliffe, yaani mpaka wa India na Pakistan, ulitangazwa tarehe 17 Agosti 1947, siku 2 baada ya bendera kupandishwa, ukaiacha Lahore, Nankana Sahib alikozaliwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, na mashamba ya mifereji ya Lyallpur upande wa Pakistan. Karibu Masingasinga 2 katika kila 5 walijikuta upande huo, wakahama. (Makhan Singh wetu, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliyesimama Kaloleni Aprili 1950 na kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, alizaliwa wilaya ya Gujranwala, leo ni Pakistan.) Kuhama huko kuliwakusanya pamoja kuliko wakati wowote kabla yake, na wakati huo huo India ilikuwa inaanza kuchora majimbo kwa kufuata lugha. Potti Sriramulu alifunga kula hadi akafa Desemba 1952 akidai jimbo la wasemaji wa Kitelugu. Oktoba 1953 Andhra ikazaliwa. Wakannada, Wamalayalam na wengine wakapata yao mwaka 1956. Wapunjabi waliambiwa na tume ya 1955 kwamba lugha yao haitofautiani vya kutosha na Kihindi, na kwamba dai lao halikubaliki kwa wakazi wote.

Kutokubalika huko kulitengenezwa, na mahali pa kukuona ni sensa ya 1951. Karani anabisha hodi, anauliza lugha ya mama ni ipi. Mwenye nyumba amezaliwa akiongea Kipunjabi, anamjibu karani kwa Kipunjabi, na jibu lenyewe ni kwamba lugha yake ni Kihindi. Magazeti na vyama vya Wahindu wa Punjab vilikuwa vimewahimiza watu wao wajibu hivyo, kwa hofu kwamba jimbo la Kipunjabi litakuwa jimbo la Masingasinga, na kwamba mwandiko wa Gurmukhi, ulio wa vitabu vitakatifu vya jirani, utakuwa wa lazima shuleni. Majibu yaliharibika kiasi kwamba hesabu za Kihindi na Kipunjabi zilichapishwa zikiwa zimechanganywa. Watu hao hawakuwa waongo kwa tabia. Walikuwa wachache ndani ya jimbo wakiogopa kesho yao, na hakuna kiongozi wa upande wa pili aliyefika kuwatuliza mapema.

Morcha zikarudi. Mwaka 1955 serikali ilipiga marufuku hata kaulimbiu ya Punjabi Suba, yaani jimbo la Kipunjabi. Tarehe 4 Julai polisi waliingia katika eneo la Hekalu la Dhahabu, na siku chache baadaye marufuku ikaondolewa. Mwaka 1961 Master Tara Singh alifunga kula siku 48 kisha akaacha bila kupata alichokidai. Masingasinga hawakulimeza hilo. Aliitwa mbele ya watu 5 walioteuliwa kumhukumu, akaamriwa kusafisha viatu vya waumini na kuosha vyombo vya langari kwa siku 5, naye akatii.

Aliyefanikiwa ni Sant Fateh Singh, kiongozi mwingine wa Akali, kwa sababu alibadilisha hesabu. Alisema anataka jimbo la wasemaji wa Kipunjabi, na haimhusu Masingasinga watakuwa asilimia ngapi ndani yake. Kwa dai hilo Delhi, yaani serikali kuu, ilikosa kisingizio ilichokuwa ikikitumia. Vita na Pakistan vya 1965, ambavyo wakulima wa mpakani walisimama bega kwa bega na jeshi, vilimaliza kazi. Sheria ya Kupanga Upya Punjab ikaanza kutumika tarehe 1 Novemba 1966. Masingasinga, waliokuwa karibu theluthi ya jimbo la zamani, wakawa karibu asilimia 60 ya jimbo jipya.

Hapa ndipo kosa la pili la makala yenu lilipo. Sheria hiyo ilitoa jimbo ikakalia vitu 3. Mpaka ulichorwa kwa kufuata tehsili nzima nzima, ambayo ni kama kaunti ndogo yetu, badala ya kijiji kimoja kimoja, tena kwa kutumia sensa ya 1961 ambayo majibu yake ya lugha yalikuwa na ugonjwa ule ule wa 1951. Mji wa Chandigarh, uliojengwa baada ya 1947 uwe mji mkuu wa Punjab mahali pa Lahore iliyopotea, ulifanywa eneo la serikali kuu na makao makuu ya majimbo mawili kwa pamoja, Punjab na Haryana, jimbo la wasemaji wa Kihindi lililokatwa kutoka Punjab ya zamani. Na maji: vifungu vya 78 hadi 80 viliweka mgawanyo na usimamizi wa mabwawa ya Bhakra na Beas chini ya Delhi iwapo majimbo hayangeelewana ndani ya miaka 2. Hayakuelewana.

Darshan Singh Pheruman alifunga kula siku 74 kwa ajili ya Chandigarh akafa Oktoba 1969. Januari 1970 Waziri Mkuu Indira Gandhi akatangaza kwamba mji utapewa Punjab, na Haryana itafidiwa Fazilka na Abohar, nchi ya pamba iliyo kusini magharibi. Tatizo lilionekana kwenye ramani mara moja: maeneo hayo hayagusani na Haryana, kwa hiyo kijiji cha Kandu Khera kilitakiwa kiwe ujia. Tangazo halikutekelezwa. Kijiji hicho kikumbukeni, tutakirudia.

Maji ndiyo yaliyouma zaidi, na takwimu zake zinahitaji kipimo. Huko wanahesabu kwa futi-ekari: ekari moja iliyofunikwa maji ya kina cha futi moja, ambayo ni mita za ujazo 1,233 hivi. Bwawa letu la Ndakaini likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Basi futi-ekari milioni 1 ni Ndakaini 17 na nusu. Mwaka 1955 maji ya ziada ya mito ya Ravi na Beas yaligawanywa hivi: Rajasthan milioni 8, Punjab milioni 7.2 ikiwa na PEPSU, muungano wa falme ndogo uliotiwa ndani ya Punjab mwaka uliofuata, na Kashmir milioni 0.65. Baada ya kukatwa jimbo, fungu lile la 7.2 likawa na madai mawili. Machi 1976, wakati wa hali ya hatari, wapinzani wakiwa jela na magazeti yakikaguliwa, Delhi iliamua: Punjab milioni 3.5, Haryana milioni 3.5, mji wa Delhi milioni 0.2. Haryana ikapewa kwa kalamu maji ya takriban Ndakaini 61 kutoka mito ambayo haipiti kwenye ardhi yake.

Punjab hujenga hoja juu ya kanuni ya mwenye ukingo: mto ni wa nchi inayopitiwa nao. Haryana nayo hujibu kwamba ilikuwa sehemu ya Punjab maji hayo yalipogawiwa, hivyo ni mrithi halali. Punjab hurudi kusema kwamba kama urithi ndio kanuni, maji ya mto Yamuna yaliyobaki Haryana yangeingizwa kwenye hesabu hiyo hiyo. Hoja zote tatu zina uzito, na mahali pake ni mbele ya majaji. Punjab ilienda Mahakama ya Juu mwaka 1979 chini ya serikali ya Akali, ingawa serikali hiyo hiyo, mwaka mmoja kabla, ilikuwa imetoa tangazo la kutwaa ardhi ya mfereji wa kupeleka maji Haryana. Akali nao hawana mikono misafi. Kesi haikufika mwisho. Desemba 1981, chama cha Congress kikitawala Delhi na majimbo yote matatu, mawaziri wakuu wa majimbo walitia saini mkataba mpya mbele ya Indira Gandhi: hesabu ikapandishwa hadi milioni 17.17, Punjab ikapata 4.22, Haryana ikabaki na 3.5, Rajasthan ikapanda hadi 8.6, na kesi ikaondolewa mahakamani. Mtu wa Punjab akaona aliyekuwa amtetee ametii chama.

Tarehe 8 Aprili 1982 Indira Gandhi alichimba udongo wa kwanza wa mfereji huo, Sutlej-Yamuna Link, kijijini Kapuri. Urefu wake ulipangwa kuwa kilomita 214, kati yake 122 ndani ya Punjab. Akali walianza morcha ya kuuzuia pale pale Kapuri, pamoja na wakomunisti, ikiwa morcha ya wakulima na maji. Haikuvuta watu vya kutosha. Agosti 1982 wakaihamishia Amritsar na kuiunganisha na ya mhubiri mwenye msimamo mkali, Jarnail Singh Bhindranwale, iliyokuwa ikidai kuachiwa kwa watu wake waliokamatwa, na wakaiita Dharam Yudh, vita vya haki na dini. Kwa maoni yangu hakuna uamuzi wa Akali ulioigharimu Punjab kuliko huo. Umati ulikuja, kweli, lakini dai la maji lililokuwa na njia ya mahakama na ya bajeti likaingia katika nyumba moja na watu wenye bunduki.

Na waraka wenyewe walioupigania? Azimio la Anandpur Sahib la Oktoba 1973, lililorekebishwa Ludhiana mwaka 1978, liliomba serikali kuu ibaki na ulinzi, mambo ya nje, sarafu na mawasiliano, mengine yote yawe ya majimbo. Liliomba Chandigarh, vijiji vya Kipunjabi vilivyoachwa nje, na mamlaka juu ya mabwawa. Nchi huru halikuiomba. Tamil Nadu ilikuwa na kamati yake iliyopendekeza mambo ya jamaa hiyo mwaka 1971, na Bengal Magharibi ilitoa waraka wake mwaka 1977. Hizo ziliitwa siasa za majimbo. Wito wa Khalistan, yaani nchi huru ya Masingasinga, ulitoka kwanza kwa watu wachache walio ughaibuni, kama Jagjit Singh Chohan aliyelipia tangazo katika New York Times Oktoba 1971, na ndani ya Punjab yenyewe tangazo rasmi la nchi huru lilitolewa Aprili 1986. Kati ya Novemba 1966 na tarehe hiyo kuna karibu miaka 20 ya maombi, kesi, mifungo na vifungo.

Yaliyotokea 1984 makala yenu yameyaeleza, sitayarudia yote. Jeshi liliingia Hekalu la Dhahabu mwanzoni mwa Juni, wakati mahujaji walikuwa wamejaa kwa kumbukumbu ya kuuawa kwa Guru Arjan. Akal Takht ikabomolewa kwa makombora ya vifaru na maktaba ikateketea. Oktoba 31 walinzi wake wawili Masingasinga walimuua Indira Gandhi, na katika siku zilizofuata Masingasinga 2,733 waliuawa Delhi kwa hesabu rasmi. Juni 1985 bomu liliiangusha ndege ya Air India, watu 329 wakafa. Abiria Wahindu walishushwa kwenye mabasi Punjab wakapigwa risasi. Polisi nao walichoma maiti kwa siri. Jaswant Singh Khalra, mtetezi wa haki za binadamu, alifuata vitabu vya kuni vya mahali pa kuchomea maiti Amritsar, akazihesabu, na Septemba 1995 akachukuliwa na polisi akauawa.

Ila kuna waraka mmoja mliouruka, nao ndio uliokaribia kuponya: mkataba wa Waziri Mkuu Rajiv Gandhi, mwana wa Indira, na Harchand Singh Longowal, kiongozi wa Akali, wa tarehe 24 Julai 1985. Ulikuwa na vifungu 11. Chandigarh ingekabidhiwa Punjab tarehe 26 Januari 1986, na maji yangepelekwa kwa baraza la majaji. Longowal aliuawa na Masingasinga wenzake kabla ya mwezi kuisha, lakini wapigakura walijitokeza Septemba na kukipa Akali Dal ushindi, jambo linaloonyesha raia walisimama upande gani. Kikwazo kilikuwa wapi? Kandu Khera. Mkataba ulisema siku hiyo hiyo ya makabidhiano Haryana ipewe vijiji vya wasemaji wa Kihindi vinavyogusana nayo. Makarani wakapelekwa kijijini Januari 1986, nyumba kwa nyumba, wakakuta wengi ni wa Kipunjabi. Ujia ukafungika, tume ya Jaji Mathew ikashindwa kutaja vijiji, tume nyingine mbili zikafuata, na tarehe 26 Januari ikapita mji haujakabidhiwa. Siku hiyo hiyo mkutano mkubwa uliitwa Amritsar, na miezi 3 baadaye tangazo la Khalistan likasomwa. Waliounganisha mji na vijiji katika sentensi moja ya mkataba, bila kusema nini kifanyike sehemu moja ikikwama, waliwapa wenye bunduki hoja ya bure: kwamba Delhi haitimizi neno. Mwaka 1987 serikali ya Akali ikavunjwa, na utawala wa rais, yaani wa moja kwa moja kutoka Delhi, ukadumu hadi Februari 1992, katiba ikirekebishwa zaidi ya mara moja ili kuurefusha.

Ugatuzi wetu ndio ulionifanya nishike kalamu. Ibara ya 3 ya katiba ya India inaliruhusu bunge la Delhi kubadili mipaka ya jimbo kwa wingi wa kawaida wa kura. Jimbo huombwa maoni tu. Ibara yetu ya 188 inadai tume huru, theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya kaunti katika Seneti. Kuisimamisha serikali ya kaunti chini ya ibara ya 192, pasipo dharura ya vita au machafuko ya ndani, kunahitaji uchunguzi huru na idhini ya Seneti, na siku 90 ndio ukomo. Muundo wa ugatuzi haubadiliki bila kura ya maamuzi. Walioandika haya walikumbuka majimbo yetu ya 1963 yalivyofutwa ndani ya mwaka mmoja hivi. Lakini juu ya maji tumeacha pengo linalofanana na lile la vifungu vya 78 hadi 80. Jedwali la Nne linaipa serikali kuu ulinzi wa maji na usalama wa mabwawa, kaunti zikapewa huduma za maji na majitaka. Murang'a yenye Ndakaini na Nairobi inayoyanywa maji yake zitagawanaje, halijaandikwa. Viongozi wa Murang'a wamedai mgao mara kwa mara. Bora mgao huo uandikwe sasa, kwa mita za ujazo, pamoja na jina la mahakama itakayoamua pakitokea ubishi, kabla haujapata mwenye kuuhubiri madhabahuni.

Chandigarh bado ni ya serikali kuu. Mabunge ya Punjab na Haryana hukutana ndani ya jengo moja mjini humo. Mfereji wa Sutlej-Yamuna ulisimama Julai 1990, wahandisi wake wawili wakuu walipopigwa risasi ofisini. Upande wa Punjab hadi leo haupeleki tone Haryana, ijapokuwa Mahakama ya Juu iliamuru mwaka 2002 umalizwe.

Naomba basi mchapishe masahihisho haya: dai la nchi huru lisirudishwe nyuma hadi 1947, Azimio la Anandpur Sahib litajwe kwa yale lililoyaomba, na mkataba wa Julai 1985 uingizwe kati ya mauaji ya Delhi na tangazo la Aprili 1986, mahali pake.

Mwalimu wa historia,
Ngara, Nairobi